Tangi jipya la samaki: nichague filta ipi?

SWALI: Habari za kazi. Nimepata tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40. Ni mara yangu ya kwanza kufuga samaki. Wanangu wawili wamechagua samaki wa dhahabu wawili na gapi kumi, madume na majike. Muuzaji amenionyesha filta tatu: ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, ya kuning'inia ukingoni mwa tangi, na ya mtungi unaokaa chini ya meza. Ananishauri nichukue ya mtungi kwa kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na anasema filta ikiwa na nguvu sitahitaji kubadilisha maji. Kwetu umeme hukatika mara kwa mara, wakati mwingine saa nne au tano mfululizo. Nichukue ipi?

JIBU: Nzuri, dada yangu, na hongera kwa tangi hilo. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate: chukua filta ya sponji, tena chukua mbili, moja kila pembe ya nyuma. Samaki wa dhahabu wasubiri siku utakapopata tangi lao wenyewe. Na hilo la kutobadilisha maji, naomba ulisahau kabisa, kwa sababu kati ya filta hizo tatu hakuna itakayokuondolea kazi hiyo.

Wengi wetu tunaanza tukidhani filta ni kama chekeche: uchafu unanasa, maji safi yanapita, basi. Kazi hiyo ipo, na ndiyo tunayoiona kwa macho. Lakini samaki wa tangi jipya hawauawi na uchafu unaoonekana. Wanauawa na amonia, nayo haina rangi. Samaki anapokula, protini inavunjwavunjwa mwilini mwake, na nitrojeni iliyobaki hutolewa majini ikiwa amonia. Nyingi yake hupitia kwenye matamvua, kila anapopumua, wala haingoji kinyesi. Ndiyo maana unaweza kuchota kila kinyesi unachokiona, maji yakawa maangavu kama yametoka kuchujwa kwa kitambaa, na bado samaki wakafa.

Tupige hesabu ya tangi lako. Sentimita 80 mara 35 mara 40, ukigawa kwa 1,000, unapata lita 112. Ila hutalijaza mpaka juu, na chini utaweka changarawe. Ukiacha sentimita 4 juu na kuweka changarawe ya sentimita 5, maji yenyewe yatakuwa kama lita 90. Hiyo 90 ndiyo namba yako, iandike mahali, kwa sababu utaihitaji kila utakapoweka dawa au kubadilisha maji.

Sasa chakula. Chakula cha kawaida cha samaki huwa na protini karibu asilimia 40, na protini yenyewe ina nitrojeni kama asilimia 16. Kwa hiyo gramu moja ya chakula imebeba takriban miligramu 64 za nitrojeni. Tuseme 40 kati ya hizo zinaishia majini. Kwenye lita 90 hiyo ni karibu miligramu 0.45 kwa lita, kwa siku moja tu. Siku ya tatu umeshavuka miligramu 1, na hapo samaki wengi wanaanza kuumia. Gramu moja kwa siku ni nyingi mno kwa gapi kumi, lakini samaki wa dhahabu wawili wakikua wanaimaliza bila shida. Na mtoto akishika kopo la chakula akamimina mara moja, gramu moja imeshaingia.

Ukali wa amonia unategemea pia pH ya maji, yaani kipimo cha asidi na alkali yake. Majini amonia inakaa kwa sura mbili, moja kali sana na nyingine ya upole zaidi. Katika joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 yana sehemu isiyofika moja kati ya mia ya ile kali. pH ikipanda hadi 8, inafika kama tano kati ya mia. Kwa hiyo watu wawili wenye kipimo kilekile cha amonia wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa, mmoja samaki wake wanacheza, mwingine wake wako juu ya maji wanahema.

Anayemaliza amonia hiyo si filta. Ni bakteria. Wapo wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kama Nitrosomonas, na wapo wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, hasa Nitrospira. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba kila hatua ina kundi lake, mpaka mwaka 2015 watafiti walipoonyesha kwamba wapo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao. Kwa mfugaji habari hiyo haibadilishi utaratibu wa kazi, ila mimi hunifurahisha kila ninapoikumbuka, kwamba ndani ya kipande cha sponji mna viumbe ambao sayansi yenyewe imewafahamu juzijuzi tu.

Nitriti nayo ni sumu. Inaingia kwenye damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni, damu ikageuka rangi ya kahawia, samaki akahema ilhali oksijeni majini ipo. Nitrati haina ukali huo, lakini inajikusanya wiki baada ya wiki, na filta hizi za nyumbani haziiondoi. Mimea hutumia kiasi fulani. Iliyobaki inatoka kwa ndoo: kila wiki utoe robo ya maji, kama lita 22, uweke mengine. Kuna sababu nyingine ya kubadilisha maji ambayo wauzaji hawaitaji: bakteria hao wanapofanya kazi wanakula ile akiba ya kabonati inayozuia pH isishuke. Usiporudisha akiba hiyo kwa maji mapya, pH itazama polepole, na bakteria wenyewe watazorota.

Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Wanajishika kwenye vitu, wakitandaza utando mwembamba unaoteleza ukiupapasa. Wanataka mambo matatu: mahali pa kujishika, chakula kinachowapitia muda wote, na oksijeni nyingi. Filta nzuri ni ile inayowapa hayo matatu kila siku. Ukiipima filta kwa jicho hilo, maneno "yenye nguvu kuliko zote" yanapungua uzito. Nguvu ya nini? Nguvu ya kusukuma maji bado haijawa nafasi ya bakteria kuishi.

Filta ya mtungi ni chombo kizuri, na sitaki muuzaji wako aonekane kakudanganya kwa hilo. Mimi natumia moja kwenye tangi kubwa lenye mimea mingi. Ina nafasi pana ya sponji na pete za kauri, haina kelele, na haichukui nafasi ndani ya tangi. Lakini iko chini ya meza, imefungwa, na kinachofungwa husahaulika. Kuisafisha ni kufunga vali, kuchomoa mipira, kubeba mtungi uliojaa maji mpaka bafuni, kisha kuirudisha na kuomba mpira wa kuziba mfuniko ukae sawa ili maji yasivuje sakafuni. Mtu mwenye watoto wawili na kazi ataahirisha. Ataahirisha mwezi, miezi miwili, na ndani humo uchafu unaoza na kurudisha majini kilekile tulichotaka kiondoke.

Halafu umeme. Hapa ndipo nisingekushauri mtungi hata kama ungepewa bure. Umeme ukikatika maji ndani ya mtungi yanasimama. Bakteria wanaendelea kupumua, na baada ya saa kadhaa oksijeni iliyofungiwa humo imekwisha. Wanaanza kufa, wanaingia bakteria wa uozo, na umeme ukirudi pampu inayamwaga maji hayo yote ndani ya tangi kwa mkupuo. Nimeitwa nyumba zaidi ya moja kuangalia "samaki waliokufa kwa sababu umeme ulikatika", na nikauliza walikufa lini. Jibu huwa ni lilelile: walikuwa wazima gizani, wamekufa baada ya umeme kurudi. Ikitokea siku moja ukawa na filta ya mtungi na umeme ukakatika kwa muda mrefu, usiiwashe hivihivi. Ifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Sponji inayokaa ndani ya tangi haina shida hiyo kwa kiwango kile. Iko wazi pande zote, imezungukwa na maji yenye oksijeni, hivyo pampu ikizimika bakteria wake wanastahimili muda mrefu zaidi. Tena ipo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, ile wavuvi hutumia kuwaweka chambo hai. Ukiwa nayo unachomoa mpira wa hewa kwenye pampu ya umeme, unauchomeka kwenye ya betri, na filta inaendelea kama kawaida. Huwezi kufanya hivyo kwa mtungi. Na ukikosa betri, usiwalishe samaki saa hizo, chukua kikombe, chota maji ya tangi na uyamimine tena kutoka juu kidogo, mara kumi au ishirini kila baada ya muda. Watoto watakupokea kazi hiyo kwa furaha.

Ile ya kuning'inia ina mota inayovuta maji, inayapitisha kwenye kisanduku, yanarudi kama maporomoko madogo. Ni rahisi kufikia na inakoroga uso wa maji vizuri. Kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki, na samaki wake hawazai, nisingemkataza. Ina mambo yake, hata hivyo. Maji yakipungua kwa kukauka, maporomoko yanapiga kelele usiku kucha. Umeme ukirudi baada ya kukatika, baadhi yake hushindwa kuvuta maji tena na mota inazunguka kavu mpaka inaungua. Na vitoto vya gapi, ambavyo ni vidogo kama kope, vinavutwa na ule mdomo wa kunyonyea ukiwa hujauvisha sponji.

Lakini kinachoniudhi zaidi kwenye filta hizo ni vile vifuko vya kubadilisha. Zinauzwa na kifuko chembamba cha kitambaa chenye mkaa ndani, na kwenye boksi pameandikwa kitupwe kila mwezi na kununuliwa kingine. Fikiria maana yake. Wiki nne bakteria wamejenga makao kwenye kitambaa kile, ndio kwanza wameanza kuutosheleza mzigo wa amonia, halafu unaambiwa uwatupe jalalani na uanze upya. Mfugaji anafuata maelezo kwa uaminifu, samaki wanaugua kila mwezi, anadhani yeye ndiye hajui kufuga. Ukijikuta na filta ya aina hiyo, toa kifuko, jaza sponji nene kwenye nafasi yake, na sponji hiyo uisuuze tu, usiitupe mpaka ianze kumeguka yenyewe. Mkaa wenyewe, ule mkaa amilifu, una kazi yake: unaondoa rangi ya majani na vigogo, harufu, na mabaki ya dawa baada ya matibabu. Ukishajaa baada ya wiki chache haufanyi tena kazi hiyo. Hauondoi amonia. Uweke ukiuhitaji, na samaki wakiwa kwenye dawa utoe, maana utaifyonza dawa hiyo nayo.

Filta za chini ya changarawe utazisikia pia. Zilitumika sana zamani na zilifanya kazi, ila uchafu unazama pale usipoweza kuufikia bila kulibomoa tangi zima. Ziache.

Turudi kwenye sponji. Muundo wake ni rahisi mpaka watu wanaudharau: sponji yenye bomba katikati, na mpira mwembamba unaoleta hewa chini ya bomba. Mapovu yanapopanda ndani ya bomba yanabeba maji, na maji yanayotoka yanalazimisha mengine yaingie kupitia kila tundu la sponji, pande zote, polepole. Huo upole ndio unaofaa. Gapi dume ana mkia mpana kama kanga iliyoshikwa na upepo. Mbele ya mkondo mkali anaogelea kutwa nzima bila kupumzika, mkia unachanika, anachoka. Vitoto vya samaki navyo huidonoa sponji vikila vijidudu vilivyonasa humo, wala havivutwi ndani.

Utasoma kwenye maboksi ya filta zenye mota kwamba zinasukuma lita kadhaa kwa saa, na utaambiwa ununue inayozungusha maji ya tangi mara nne au tano kwa saa. Kwako ingekuwa lita 360 hadi 450. Ni kipimo cha kuanzia tu. Namba ya kwenye boksi mara nyingi hupimwa filta ikiwa tupu, bila sponji wala pete ndani, na kila sentimita ambayo maji yanapandishwa inapunguza mtiririko. Kwa sponji usihangaike na namba hiyo. Soma boksi limetaja tangi la lita ngapi, kisha nunua sponji mbili ambazo kila moja peke yake imetajwa kutosha tangi la ukubwa wako. Tafuta yenye matundu makubwa kiasi cha kuyaona kwa macho. Yenye matundu madogo sana, kama ya godoro, inaziba ndani ya wiki mbili.

Kwa nini mbili? Ukisafisha moja, nyingine inabaki na bakteria wake wote. Moja ikiziba au mpira ukichomoka usiku, nyingine inaendelea. Na siku mtoto wako atakapoomba tangi dogo la pili, unachomoa sponji moja yenye bakteria tayari, unaihamishia huko, tangi jipya linaanza likiwa limekomaa.

Pampu ya hewa iwe yenye matundu mawili ya kutolea hewa, au moja yenye nguvu ukaigawa kwa kiungo cha njia mbili chenye vali. Tangi lako lina kina cha sentimita 40, na kusukuma hewa mpaka chini huko kunahitaji nguvu kuliko pampu ndogo kabisa zinavyoweza. Iweke juu kuliko uso wa maji. Isipowezekana, weka kwenye mpira wa hewa vali ya kuzuia maji kurudi, kidude kidogo kisichofika urefu wa kidole. Bila hivyo, umeme ukikatika maji yanaweza kurudi nyuma kupitia mpira, yakafika kwenye pampu, kisha kwenye sakafu. Waya wa umeme uache uning'inie chini kidogo kuliko soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji likiteremka kwenye waya lidondoke chini na lisiingie kwenye soketi. Pampu inayonguruma ikunjie taulo chini yake, utalala.

Sasa samaki, kwa sababu huwezi kuchagua filta bila kujua nani atakuwa anaichosha. Samaki wa dhahabu na gapi hawachangii maji. Wa dhahabu anastarehe kwenye nyuzi 18 hadi 22, gapi anapenda 24 hadi 27. Wa dhahabu wa kawaida anaweza kufika sentimita 30 na kuishi miaka kumi na zaidi akitunzwa, na kila kinachoingia mdomoni mwake ni chakula, vitoto vya gapi vikiwemo. Anakula sana na kutoa amonia nyingi. Lita 90 ni nyumba ya utoto wake tu. Waambie watoto ukweli huo, wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Na gapi kumi wa jinsia zote mbili si gapi kumi. Jike mmoja huzaa karibu kila wiki nne, mara nyingi vitoto 20 hadi 50, na anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo hata ukimtenga ataendelea kuzaa. Filta unayonunua leo inapaswa kuwatosha samaki watakaokuwepo baada ya nusu mwaka. Nakushauri uchukue madume watupu, nane au kumi. Ndio wenye rangi hata hivyo. Dume utamjua kwa pezi la chini kwa nyuma, limechongoka kama kijiti. La jike ni pana kama pembetatu.

Kuhusu kusafisha nitakueleza kilichonipata. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua sponji, nikaikamua chini ya bomba mpaka ikawa mpya kabisa, maji yakitoka meupe. Nikairudisha nikijiona mfugaji hodari. Siku ya tatu samaki walikuwa wamejipanga juu ya maji, midomo wazi, matamvua mekundu. Siku ya tano nilikuwa nimezika watatu. Klorini ya maji ya bomba, inayowekwa makusudi kuua bakteria, ilikuwa imewaua wale wangu wote, na samaki waliendelea kutoa amonia isiyokuwa na wa kuipokea. Kosa hilo sijalirudia, na ningependa wewe usilifanye hata mara moja.

Utaratibu ni huu. Siku ya kubadilisha maji, yale uliyotoa kwenye tangi yaache ndoo moja. Zima pampu, ziba sponji kwa mfuko wa plastiki ikiwa bado ndani ya maji ili uchafu usimwagike, itoe, itumbukize kwenye ndoo. Ikamue taratibu mara nne au tano. Utaona maji yanageuka kama chai ya rangi iliyokolea, na ukinusa utapata harufu ya udongo uliolowa. Hiyo ni harufu ya filta yenye afya. Ikinuka mayai viza, hewa haifiki katikati: sponji imeziba au pampu imechoka. Sponji ikibaki na rangi ya kahawia usijali, hutakiwi kuifanya ing'ae. Fanya hivyo kila wiki tatu au nne, au mapovu yanapoanza kupungua, na usisafishe sponji zote mbili siku moja. Maji mapya ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini kabla hayajaingia. Kuyaacha wazi siku nzima kunaondoa klorini ya kawaida, lakini sehemu nyingine hutiwa kloramini, jamaa ya klorini, nayo haiondoki kwa kuachwa.

La mwisho, ambalo ndilo gumu kwa watoto, ni kungoja. Filta mpya haina bakteria wa kutosha, na hao si wepesi kuzaliana. Wale wanaochachua maziwa wanajigawa ndani ya saa moja hivi, hawa wanahitaji karibu siku nzima, au zaidi. Weka tangi, washa pampu na kipasha joto kwenye nyuzi 26 hivi, kisha tia chembe chache za chakula cha samaki kila siku ingawa samaki hawamo. Chakula kinaoza, amonia inatokea, bakteria wanapata cha kula. Kwa kawaida inachukua wiki nne hadi sita. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani ambalo samaki wake ni wazima, mwombe akukamulie sponji yake juu ya ya kwako, au bora zaidi akupe kipande ukiweke ndani ya tangi lako. Muda huo unaweza kupungua sana. Usichukue kwa mtu ambaye samaki wake wamekuwa wakiugua, maana utahamisha na ugonjwa.

Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati, na uwape watoto daftari waandike namba mara mbili kwa wiki. Wataiona amonia ikipanda kwanza, kisha ikishuka nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo ikianguka na nitrati kutokea. Amonia ikiwa sifuri na nitriti sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, huku bado unatia chakula kila siku, badilisha nusu ya maji. Ndipo uende kuchukua gapi, watano kwanza. Endelea kupima kila siku mbili. Namba zikitulia sifuri kwa wiki mbili, walete hao wengine.